Namba za Watu Zikae Nyumbani

Mkazi wa Brussels aliyetoka Bukavu, Goma au Bujumbura hutembea na orodha ambayo ni nadra kuihesabu kama mali. Ni majina na namba za simu: shangazi aliyebaki Kadutu kule Bukavu, mwalimu wa zamani, wakili, mtangazaji wa redio, padri, kaka mwenye laini tatu kwa sababu mtandao mmoja ukikatika mwingine huenda ukashika. Kando yake ipo kalenda: siku ya kwenda komyuni kuchukua kitambulisho, miadi ya daktari, kikao cha umoja wa watu wa nyumbani, tarehe ya kumtumia mama pesa. Hoja yangu ni kwamba vitu hivi viwili, namba na tarehe, ndivyo vya kwanza ambavyo familia ya namna hii inapaswa kuviondoa kwenye kompyuta za kampuni kubwa na kuviweka kwenye seva ndogo ndani ya nyumba yake, kabla hata ya kufikiria picha au barua pepe. Sababu kubwa haimhusu mwenye simu. Inawahusu wale ambao majina yao yameandikwa humo na hakuna aliyewauliza.

Tazama yaliyotokea Kivu. Waasi wa M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari. Waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu walijificha, wengine wakavuka mpaka, na wengi wakabadilisha namba. Katika siku kama hizo, namba iliyokuwa ya kumpigia jirani tu hugeuka kuwa siri ya maisha, na jina lililoandikwa karibu na namba hiyo huonyesha nani anafahamiana na nani. Anayemtumia ndugu yake wa Ixelles, hapa Brussels, namba mpya amemwachia amana. Ndugu huyo anapoihifadhi kwenye simu iliyowekwa kama ilivyotoka dukani, namba hiyo mara nyingi hupanda hadi kwenye seva za kampuni ya Marekani ndani ya sekunde chache, na mwenyewe hajui.

Kwamba orodha za namba ni kitu cha thamani kwa wapelelezi, hilo si la kukisia. Oktoba 2013, gazeti la The Washington Post lilichapisha nyaraka zilizotolewa na Edward Snowden zikionyesha kwamba shirika la kijasusi la Marekani, NSA, katika siku moja tu ya mwaka 2012, lilikusanya vitabu vya anwani 444,743 kutoka Yahoo, 105,068 kutoka Hotmail, 82,857 kutoka Facebook na 33,697 kutoka Gmail, vikiwa njiani kati ya kompyuta na kompyuta. Hawakuhitaji kusoma barua za watu. Kitabu cha anwani kinaeleza mtu ana nani, na mtu akijulikana ana nani, mengi ya maisha yake yamekwisha kujulikana.

Brussels yenyewe imelitazama jambo hili kwa jicho la sheria. Mei 2020, Mamlaka ya Ulinzi wa Data ya Ubelgiji iliutoza faini ya euro 50,000 mtandao wa kijamii wa Twoo, kwa sababu uliwaruhusu wanachama wapakie orodha zao za anwani kisha ukazitumia kuwaalika watu waliomo. Mamlaka ilisema jambo ambalo kila mwenye simu angepaswa kulifikiria: mwanachama hawezi kutoa ridhaa kwa niaba ya watu waliomo kwenye orodha yake. Mwaka uliofuata, Septemba 2021, mdhibiti wa Ireland aliitoza WhatsApp euro milioni 225, na sehemu ya mzozo huo ilihusu namba za watu wasiotumia WhatsApp, ambazo programu huzichukua kutoka kwenye simu za wanaoitumia. Bodi ya Ulaya ya Ulinzi wa Data, yenye makao Brussels, ilishikilia kwamba namba hizo hubaki kuwa data za watu hata baada ya kusagwa na kuhifadhiwa kwa namna isiyosomeka moja kwa moja. WhatsApp ilipinga mahakamani. Lakini kiini cha kesi zote mbili ni kimoja, kwamba mtu mmoja huruhusu na mwingine ndiye anayeanikwa.

Hapo sheria ya Ulaya ina pengo ambalo watu wengi hulichukulia kama baraka. Kanuni kuu ya ulinzi wa data, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, haimgusi mtu anayeshughulika na data kwa mambo yake binafsi au ya nyumbani, na aya ya 18 ya utangulizi wake inataja waziwazi utunzaji wa anwani kama mfano wa shughuli hizo. Mimi naisoma aya hiyo kwa wasiwasi. Ikiwa sheria haikudai chochote wewe mwenye orodha, basi shangazi yako wa Kadutu hana mdhibiti wa kumlalamikia juu yako. Kinga aliyonayo ni busara yako tu. Kampuni inayokupa hifadhi inabaki chini ya kanuni, ni kweli, lakini atakayedai haki dhidi yake lazima kwanza ajue kwamba imemhifadhi, na shangazi hajui.

Msamaha huo pia ni mwembamba kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya Bodil Lindqvist, mwanamke wa Sweden aliyekuwa akijitolea katika parokia yake, ambaye aliweka kwenye tovuti majina na habari za waumini wenzake, mojawapo ikiwa kwamba mmoja wao ameumia mguu. Mahakama ilisema hiyo si shughuli ya nyumbani tena. Brussels imejaa makanisa ya sala, vyama vya akina mama na umoja wa watu wa mkoa fulani, na mara nyingi katibu ndiye mwenye namba za wote kwenye simu yake binafsi, pamoja na kalenda ya misiba, michango na ziara za wagonjwa. Katibu huyo hatunzi tena daftari la nyumbani. Kazi yake sasa iko chini ya sheria hiyo, na akaunti yake ya bure kwa kampuni ya nje haikuandaliwa kwa ajili hiyo.

Taasisi zinazoilinda sheria hiyo zenyewe zimetafuta njia nyingine. Februari 2023, Msimamizi wa Ulinzi wa Data wa Ulaya, ambaye ofisi yake iko hapa mjini, alitangaza kwamba anajaribu Nextcloud, programu huria inayobeba mafaili, kalenda na anwani. Machi 2024 akaamua kwamba Tume ya Ulaya ilikuwa imekiuka kanuni za ulinzi wa data katika matumizi yake ya Microsoft 365. Julai 2025 alifunga suala hilo baada ya kuridhika na marekebisho yaliyofanywa, na ni haki kulisema hilo. Ila ilihitaji mdhibiti, mawakili na muda mrefu wa majadiliano ili chombo kikubwa kama Tume kiweze kubadilisha masharti ya mkataba wake. Familia ya watu watano katika ghorofa la Schaerbeek haina meza ya kukaa na Microsoft wala Google. Nguvu iliyonayo ni ya kuondoka.

Na kuondoka kwenyewe ni kwepesi kuliko kwa data za aina nyingine yoyote. Barua pepe ni kazi ngumu kuiendesha nyumbani, kwa sababu seva nyingine duniani lazima ziiamini yako. Picha zinahitaji diski kubwa. Namba na tarehe hazihitaji chochote kati ya hivyo. Fungua anwani moja jinsi inavyohifadhiwa na utakuta faili la maandishi la mistari michache: unaanza mstari wa BEGIN:VCARD, jina linakaa kwenye FN, namba kwenye TEL, maelezo kwenye NOTE, kisha END:VCARD. Hata asiyejua kompyuta anaweza kulisoma. Anwani elfu moja za namna hiyo, bila picha, hazifiki megabaiti moja. Mstari wa NOTE ndio wa kuangalia kwa makini, kwa kuwa hapo ndipo watu huandika mambo kama "ndiye aliyetuvusha" au "anakaa na watoto wa fulani", wakidhani wanajiandikia wenyewe.

Njia ya kuzisafirisha kati ya simu na seva nayo ni ya wazi na imekomaa. Kalenda hupita kwenye CalDAV, kanuni iliyochapishwa mwaka 2007, na anwani hupita kwenye CardDAV ya mwaka 2011. Zote mbili Cyrus Daboo alishiriki kuziandika. Simu huiuliza seva: tangu alama ya mwisho niliyonayo, nini kimebadilika? Seva hutoa orodha ya mafaili yaliyobadilika, simu huyachukua, na kazi imekwisha. iPhone huijua lugha hii tangu inapotoka kiwandani. Android haiijui, na inahitaji programu ya ziada kama DAVx5, iliyotengenezwa Austria, inayopatikana bure kwenye duka la F-Droid. Upande wa seva, Radicale inatosha kabisa kwa nyumba moja, na huweka kila anwani na kila tukio kama faili la kawaida ndani ya folda. Nextcloud hufanya kazi hiyohiyo lakini huja na mambo mengine mengi, na kila kinachoongezwa ni kitu kimoja zaidi cha kutunza. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inayokula wati nne hutumia takriban kilowati-saa 35 kwa mwaka. Ukiuhesabu umeme kwa senti 35 kwa kila moja, ni kama euro 12 kwa mwaka mzima.

Kalenda ina faida ambayo familia za pande mbili za dunia huigundua haraka. Kila tukio linaweza kubeba jina la eneo la saa. Brussels husogeza saa mara mbili kwa mwaka. Bukavu haisogezi kamwe. Majira ya joto miji hii miwili huwa na saa ileile, na majira ya baridi Bukavu huwa mbele kwa saa nzima. Kikao cha ukoo kilichoandikwa saa kumi jioni kwa eneo la Africa/Lubumbashi kitaonekana kwenye simu ya Brussels saa kumi mwezi Julai na saa tisa mwezi Desemba, bila mtu kupiga hesabu. Hili pia kampuni kubwa hulifanya vizuri. Nalitaja kuonyesha kwamba seva ya nyumbani haimpunguzii mtu huduma.

Sasa nije kwenye pingamizi, na la kwanza ni zito: kampuni hizo zina wahandisi wa usalama kwa maelfu, nawe una kompyuta ya ukubwa wa pakiti ya sigara karibu na ruta. Tangu 2013 zimeimarisha usimbaji wa data zinazosafiri, na mtu wa kawaida akishindana nazo kwa ulinzi wa mlango ulio wazi kwenye intaneti atashindwa. Nakubali. Lakini nani alisema mlango uwe wazi? Namba na tarehe hazihitaji kusawazishwa kila dakika. Seva inaweza kufungwa kabisa kwa nje, na simu zikapokea mabadiliko jioni zinapoingia kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Mchana simu hutumia nakala yake yenyewe, ambayo ni kamili. Anayehitaji zaidi anaweza kuingia kwa WireGuard, handaki lililosimbwa lisilomjibu mtu asiye na ufunguo. Na pale kampuni ya intaneti inapobadilisha anwani ya laini kila mara au kuzuia milango ya kuingilia, ipo Neutrinet, chama cha kujitolea cha Brussels kinachowapa wanachama anwani isiyobadilika juu ya laini yoyote waliyo nayo. Tukipima hivyo, mshambuliaji wa mbali haoni kitu cha kushambulia, na swali la wahandisi wangapi unao linapungua uzito.

Pingamizi la pili ni upotevu. Kadi ya kumbukumbu huchakaa, bomba la maji la jirani wa juu hupasuka, mwizi hubeba alichokiona. Jibu la haraka ni kwamba kila simu ya nyumbani inabaki na orodha nzima hata seva ikifa. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, kwa sababu kusawazisha si kuweka akiba. Mtoto akifuta namba thelathini kwenye simu ya mama yake, ufutaji nao husawazishwa, na usiku huo namba hizo zimeondoka kwenye simu zote. Kwa hiyo lazima pawe na nakala za akiba zenye tarehe, angalau moja ikikaa nje ya nyumba: kwa dada aliye Liège, kwa mfano, kwenye kijiti cha USB kilichofungwa kwa nenosiri. Kwa kuwa data yote ni ndogo hivyo, kuhifadhi nakala ya kila siku kwa mwaka mzima hakugharimu kitu. Asiyekuwa tayari kufanya hivi asianze.

Tatu, watu husema kazi imekwisha kuharibika: WhatsApp ina namba zote, na hata nikiwa mwangalifu, binamu yangu amekwisha kunipakia. Hoja hii ina ukweli nusu. WhatsApp huona namba ikiwa umeiruhusu kusoma anwani, na ruhusa hiyo inaweza kunyimwa kwenye Android na kwenye iPhone pia, ingawa matumizi yatakuwa na usumbufu kidogo. Ila anachopata mwenye kitabu kizima cha anwani ni zaidi ya namba: jina kamili, anwani ya nyumba, siku ya kuzaliwa, ule mstari wa maelezo, na katika kalenda mahali mtu atakapokuwa Alhamisi saa nne. Binamu kuvujisha namba yako hakukupi ruhusa ya kuvujisha anapoishi yeye. Hapa kuna kosa ambalo hufuta juhudi zote kimyakimya: mtu huhamisha anwani zake zote kwenda kwenye seva, lakini simu inabaki na akaunti ya zamani kama mahali pa kuhifadhi kila anwani mpya. Kila namba anayoongeza huenda kulekule. Kuhama kumekamilika tu pale usawazishaji wa zamani umezimwa, nakala zilizobaki kwa kampuni zimefutwa, na mpangilio wa mahali pa kuhifadhi umebadilishwa.

Wapo pia wanaotaja Pegasus, na Brussels ina sababu ya kuitaja. Julai 2021 ilifichuliwa kwamba simu ya Carine Kanimba, Mbelgiji-Mmarekani aliyekuwa akipigania kuachiwa kwa baba yake mlezi Paul Rusesabagina, aliyekuwa kizuizini Rwanda, ilikuwa imepenyezwa na programu hiyo ya kijasusi. Rwanda imekana kuitumia. Dhidi ya silaha kama hiyo seva ya nyumbani haisaidii, kwa kuwa jasusi amekaa ndani ya simu na anaona anachokiona mwenyewe. Anayelengwa hivyo anahitaji msaada wa wataalamu. Lakini wanaolengwa mmoja mmoja ni wachache, na orodha zinazozolewa kwa jumla ni za mamilioni. Mtu anaweza kukosa dawa ya hatari ya kwanza na bado akawa na wajibu juu ya ya pili.

Pingamizi ninaloliona gumu kuliko yote huletwa mara chache, na linatoka ndani ya nyumba. Seva ina mtunzaji, na mtunzaji huona. Radicale huhifadhi mafaili yanayosomeka. Mwenye nenosiri la kompyuta anaweza kufungua kalenda ya kila mtu nyumbani, akaona miadi ya wakili, ya daktari wa wanawake, ya mshauri wa kijana wa miaka kumi na sita. Mara nyingi mtunzaji huyo ni baba au kaka mkubwa, kwa sababu ndiye anayepewa kazi za kompyuta. Google haimjui mke wa mtu, mume anamjua. Kwa mwanamke anayepanga kuondoka kwenye ndoa yenye kipigo, kuhamisha kalenda kutoka kampuni ya mbali kwenda kwenye seva ya sebuleni ni kuongeza hatari, na mwandishi anayehimiza seva za nyumbani bila kulisema hilo hawatendei haki wasomaji wake. Akaunti tofauti kwa kila mtu ni lazima, lakini hazitoshi, maana mwenye mashine yuko juu ya akaunti zote. Zipo programu kama EteSync zilizoundwa ili data ifungwe kwa ufunguo kwenye simu yenyewe kabla haijatoka, hivyo mtunza seva anabaki na mafungu asiyoweza kuyasoma. Nyumba yenye zaidi ya mtu mzima mmoja ingefaa kuanzia hapo.

Kwa wengine jibu sahihi ni kutokuwa na seva nyumbani kabisa. Nubo, ushirika wa Kibelgiji unaomilikiwa na wanachama wake, hutoa kalenda na anwani kwa lugha zilezile za CalDAV na CardDAV, data zikikaa Ubelgiji na ada ikilipwa na mtumiaji mwenyewe. Asiyejua pa kuanzia anaweza kupanda basi la 71 kutoka Porte de Namur, pembeni mwa Matonge, hadi chuo kikuu cha ULB karibu na mwanzo wa Februari, ambako mkutano wa programu huria wa FOSDEM hufanyika bila kiingilio wala kujiandikisha, na watu wanaozitengeneza programu hizi hujibu maswali. Amana ya shangazi wa Kadutu hutunzwa vilevile katika njia zote mbili. Anayeishi na mtu asiyemwamini achague ya pili, na anayemsaidia kufungua akaunti hiyo aitengeneze kwenye simu ambayo mtu wa nyumbani hana nenosiri lake.